Kisu Kilichosimama Upande wa Kulia

Shida yangu ilianza mwaka wa 1969, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mwaka huo baba yangu alifia Katwe, kwenye ziwa alikokuwa akivuna chumvi. Homa ya siku mbili tu. Wakamzika karibu na ziwa, bila jiwe, bila msalaba, kwa sababu jua lilikuwa kali na watu walikuwa na kazi. Mimi nikaingia kwenye dimbwi lake la chumvi nikang'oa kijiti chake. Alikuwa amekisimamisha humo na kukikata alama kwa kisu, ajue maji yameshuka kiasi gani. Nilirudi nacho nyumbani. Shule nikaiachia darasa la pili, na hakuna aliyekuja kuniuliza.

Sasa mmekuwa mkinisumbua. "Mzee Masereka, Bwera si mbali na hapa Kasese, mtu anakwenda na kurudi siku moja. Wewe uliondoka Alhamisi ukarudi Jumanne. Ulikuwa wapi?" Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake. Naandika mara moja, someni.

Uani kwangu, Nyamwamba

Kazi yangu mnaijua. Nachonga mawe ya makaburi. Mawe nayatoa mto Nyamwamba, yale makubwa yanayoshuka na mafuriko kutoka mlimani. Herufi chache za shule nilizisahau. Nilizijua kwa kuzichonga, moja baada ya nyingine, na wenye kufiwa wakinisahihisha. Leo nachonga vizuri kuliko hao waliosoma wanavyoandika. Sisemi kwa majivuno. Nendeni makaburini mkaangalie.

Sheria yangu ni moja. Jina la mtu aliye hai haliingii kwenye jiwe la kaburi. Watu wenye uwezo huja kuniambia, "Fundi, weka na jina la mke kabisa, tarehe uiache wazi." Nakataa. Nimewahi kumfukuza mheshimiwa mzima kwa sababu hiyo. Sisi tulikua tukijua hivyo: ukiandika jina kaburini, umemwita mwenyewe.

Na mimi mwenyewe, miaka yote hiyo, sijaweka jina langu kwenye jiwe lolote. Mkipita makaburini hamjui lipi langu na lipi la mwingine.

Marehemu aliyenipeleka Bwera alikuwa Mchina. Tulimwita Cheni. Alikuja kuchimba visima, wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki, akamwoa Biira, mama wa Bwera. Watoto hawakupata. Kiswahili alikisema kama anatafuna karanga, na Lhukonzo, lugha yetu, akakijua cha kusalimia. Kila akifika Kasese alikaa uani kwangu akiniangalia nachonga. Yeye pia alikuwa na mkono. Alichonga mihuri ya mawe, midogo kama kidole gumba. Siku moja alikiona kile kijiti cha baba kimening'inia ukutani. Akakishika, akapitisha kucha juu ya zile alama.

"Baba yako aliandika," akasema.

"Baba yangu hakujua hata A."

"Aliandika," akarudia, akakining'iniza tena.

Mwaka jana akaja amekonda, tumbo limemvimba, anatembelea fimbo. Akanipa karatasi mbili za maandishi ya kwao, ameziandika kwa brashi. Moja kubwa, ya uso wa jiwe. Moja nyembamba kama utepe, ya ubavuni.

"Yangu," akasema. "Chonga zote. Usiache kitu."

"Hii ndogo inasema nini?"

"Chonga tu, Masereka. Ahidi."

Nikaahidi. Baada ya wiki chache akafa. Nikafanya kama alivyonionyesha: unapaka jiwe uji wa unga wa muhogo, unabandika karatasi, unachonga juu yake mpaka karatasi yenyewe inaisha. Karatasi zikaisha. Jiwe likabaki. Lilitakiwa Bwera kabla ya Jumamosi saa sita, siku ya kumaliza matanga, mbele ya ukoo na padri.

Kikorongo

Gari lilikuwa lori la Swaibu, Mwislamu wetu wa hapa Kasese, mtu wa vitunguu. Jiwe tulilipandisha watu sita, tukaondoka watatu: mimi, Swaibu, na mpakizi wake anayeitwa Kule, mtu mzima mwenye mdomo kuliko mabega.

Hatujafika mbali gurudumu la nyuma likapasuka. Swaibu akatafuta jeki, hakuna. Jeki aliiazimisha. Tukakaa hapo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kwenye nyasi huwezi kujipumzisha, nyati wako humo. Tukakaa chini ya lori. Mama mmoja aliyetoka kwa wavuvi wa Hamukungu akasimamisha bodaboda akatuuzia samaki wa kukaushwa. Kule akapanda juu, akawatandaza samaki kwenye turubai, juu ya jiwe kabisa.

"Wewe! Shuka na samaki wako! Hiyo ni meza?"

"Mzee, huyo Mchina hata hayuko hapa ndani. Hii ni jiwe tu."

"Na mama yako akifa nitakuja kupika juu yake."

Swaibu akacheka mpaka akakohoa. "Kule, omba msamaha. Huyu mzee akikasirika anakuchonga bure." Tukala samaki tumeshika mikononi. Walikuwa na chumvi nyingi, na maji yetu yalikuwa yamepata moto. Lori la saruji likapita, dereva wake akatuazima jeki.

Daraja

Kabla ya kufika Kinyamaseke maji yalikuwa yamekula upande wa daraja, mafundi wanatengeneza, magari yamepanga mstari mrefu. Msimamizi wao alikuwa Mchina kijana, kofia ya njano, uso umeungua jua. Alikuwa anapita akihesabu malori. Akaona ncha ya jiwe. Akapanda gurudumu, akafunua turubai.

Alivua kofia. Nakumbuka hilo kwa sababu nilimheshimu kwa hilo. Akasoma uso wa jiwe polepole, kidole kinatembea hewani. Akainama mbele ya jiwe kidogo. Kisha akazunguka ubavuni, akasoma ule utepe.

"Ma-se-le-ka," akasema. Akatutazama. "Maseleka. Nani?"

Swaibu akanigeukia. "Mzee, anakuita."

"Mimi," nikasema. "Masereka ni mimi."

Yule kijana akacheka, meno yote nje. Akaninyooshea kidole gumba. "Wewe! Sawa! Sawa sana!" Akataka kusema zaidi, lakini filimbi ikalia huko mbele, akaruka chini akakimbia kwenye mashine yake. Sikumwona tena.

Kule ndiye aliyesema kwanza.

"Hii jiwe iko na jina yako, mzee."

"Hawezi. Ni jina la Cheni."

"Ya Cheni iko mbele. Hii ya pembeni ni yako. Ameisoma na wewe umeitika." Akatoa simu akapiga picha ile michoro. Simu ikatafsiri, ikasema ni hoteli. Hakuna aliyecheka. Akaijaribu tena, mtandao ukakataa.

Kule akashuka na kifurushi chake, akamwambia Swaibu, "Hajji, unisamehe. Mimi sibebi jiwe ya mtu ambaye nakaa naye." Akaondoka kwa miguu kuelekea Kinyamaseke, na alitembea kwa haraka.

Nikapanda juu peke yangu. Nikaitazama ile kazi. Michoro mitano imepangwa juu chini, midogo, safi. Niliichonga kwa siku mbili na niliifurahia. Nikaweka kiganja juu yake, jiwe lilikuwa na joto la jua, nikakiondoa. Mimi ni mtu mzima. Nimezika wengi na nimewachongea. Lakini siku hiyo niliogopa.

Kinyamaseke

Tulilala hapo. Asubuhi ya Ijumaa tukatafuta wapakizi, maana Bwera jiwe lazima lishushwe. Hakuna aliyekuja. Kule alikuwa ametutangulia na habari.

Niliingia kwa mama wa chai. Akanimiminia.

"Ni wewe mwenye jiwe?"

"Ndiyo."

"La kwako?"

"La rafiki yangu."

"Watu wanasema ni la wawili."

Kikombe hakunipa mkononi. Alikiweka kwenye benchi akakisukuma. Nikanywa. Chai ilikuwa na tangawizi nzuri, na sikusema asante.

Swaibu alikuwa anaswali kando ya lori. Alipomaliza akaniambia, "Mzee, turudi? Sema tu. Mimi sitakulaumu."

Nikafikiri. Nikirudi, Jumamosi ukoo utasimama mbele ya udongo mtupu, na Cheni atalala kama baba yangu alivyolala Katwe. Nikiendelea, napeleka kaburi langu mwenyewe. Nikamwambia, "Washa gari." Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua: nikifika, nafuta ule utepe. Ahadi ni ahadi, lakini hakuniambia ninaahidi nini.

Bwera

Tulifika Ijumaa saa kumi. Mbele ya boma alikuwa amesimama Baluku, kaka yake Biira, mkubwa wa ukoo, rika langu. Habari zilimfikia kabla yetu. Hakunipa mkono.

"Wasibire, Baluku," nikamsalimu kwa Lhukonzo.

"Wasibire. Fundi, nasikia umetuletea watu wawili, na mmoja bado anatembea."

"Nimeleta jiwe aliloliagiza shemeji yako."

"Jiwe lenye jina la mtu aliye hai haliingii kwa dada yangu. Ukifa wewe kesho, watu watasema ni sisi. Ukipona, watasema kifo kimemkosa Masereka kikabaki hapa kinatafuta. Lirudishe."

Angekuwa mjinga ningembishia. Lakini alisema maneno ambayo ningeyasema mimi.

Nikafungua mfuko wangu wa vyombo palepale, nikapanda kwenye lori, nikapiga magoti. Nikaweka tindo kwenye mchoro wa kwanza. Biira akatoka ndani, amevaa nguo ya matanga, mwembamba, macho makavu.

"Shemeji Masereka. Alikwambia uchonge vyote?"

"Alisema nisiache kitu."

"Sasa unafuta nini?"

"Najifuta mwenyewe."

Akaja mpaka kwenye lori akashika ubao. "Cheni hakukuchukia. Miaka yote nimeishi naye, hajawahi kumwita mtu kaburini. Unafuta kitu usichokijua. Ngoja mpaka asubuhi. Mpondwe, soko la mpakani, kuna Maman Kavira, Mkongo anayekwenda China kununua vitu. Alikuwa anamletea majani yake ya chai. Kamwonyeshe. Kama ni kibaya, utafuta, na mimi mwenyewe nitakushikia nyundo."

Baluku akasema, "Mpaka saa sita kesho. Baadaye lori liondoke."

Karatasi za Cheni zilikuwa zimeishia kwenye jiwe. Nikachukua karatasi ya mfuko wa saruji, nikaifunika kwenye ubavu wa jiwe, nikasugua na kipande cha mkaa. Hilo pia alinifundisha yeye. Pale palipochongwa pakabaki peupe. Nikaikunja nikaiweka kifuani, ndani ya shati. Wakanipa bundu, ule ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake. Sikumbuki ladha.

Mpondwe

Jumamosi asubuhi soko lilikuwa limejaa. Maman Kavira ana duka la vitambaa na sufuria. Mama mnene, miwani imefungwa na kamba, anapigia simu watu watatu kwa wakati mmoja. Askari mmoja wa mpakani alikuwa amemsimamia, akimhoji kuhusu mizigo.

"Afande, ngoja. Uko unaona niko na mzee hapa? Papa, karibu, ikala ku kiti. Unatafuta nini?"

Nikamfungulia karatasi. Akaacha simu.

"Ah. Cheni." Akafanya ishara ya msalaba. "Hii njo mukono yake. Hii ingine sijue kusoma yote, papa, mie niko mutu ya biashara. Hii ine ya juu iko sauti ya jina. Ma… se… Njo weye?"

"Ndiyo mimi. Kwa hiyo ni kaburi langu."

"Ngoja kwanza!" Akaweka kidole kwenye mchoro wa tano, ule wa chini kabisa. "Hii niko naijua muzuri. Kule Guangzhou iko ku milango ya batu benye kuchonga mihuri. Iko kila fasi, hata ku ukuta." Akachukua kalamu akaniandikia kubwa nyuma ya boksi:

刻

"Angalia. Huku kushoto, iko sauti tu, achana nayo. Huku kuume, unaona? Mistari mbili imesimama. Fupi, na murefu iko na ndoano chini. Hii njo kisu. Kisu imesimama. Maana yake: kuchonga. Amechonga. Jina yako mbele, kisu nyuma: Masereka njo amechonga. Haiseme Masereka amekufa, papa. Iko inasema Masereka amefanya kazi."

Nikakaa. Askari naye akakaa, amesahau mizigo.

Maman Kavira akafungua droo, akatoa muhuri wake wa jiwe, ule anaopiga kwenye karatasi za mizigo. Akaugeuza ubavuni. Michoro midogo, na ya mwisho ilikuwa na kisu kulia. "Mufundi moja wa Guangzhou alinichongea hii, akaweka jina yake. Safari iliyopita nilimukuta, muzee kabisa, anakula supu."

Nikamwuliza kwa nini waweke jina. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini tunakula.

"Ili batu bajue mukono ni ya nani! Kazi muzuri namna hii, itakosa mwenyewe?" Kisha akasema jambo lingine, kidogo tu, huku akifunga droo. Zamani huko kwao, kabla ya saa, walisimamisha kijiti ndani ya maji, kijiti kimekatwa alama, wakatazama maji yamefika alama gani, wakajua wakati. Alama hizo nazo waliziita kwa mchoro huu huu. Cheni ndiye aliyemwambia, siku moja wakinywa chai.

Mimi nikatazama sufuria zake. Sikutaka wanione uso.

Bwera, mara ya pili

Nilirudi saa tano na nusu. Ukoo umekaa, padri amefika. Nikasimama mbele ya Baluku nikasema yote, kama nilivyoyaandika hapa. Akasikiliza, mikono nyuma.

"Maneno ya mama wa sokoni," akasema. "Mimi ninajuaje?"

Nikamgeukia Biira. "Shemeji, Cheni aliwahi kukuchongea muhuri?"

Akaingia ndani akarudi na kisanduku. Muhuri mwekundu, aliomchongea mwaka wa harusi yao. Niliugeuza ubavuni. Jina la Cheni, sawasawa na lilivyo mbele ya jiwe langu, na chini yake kisu kimesimama upande wa kulia. Nikampa Baluku. Akauleta karibu na macho, akaupeleka mbali.

"Alimchongea Biira mwaka wa harusi," nikasema, "akaweka jina lake na kisu. Na baada ya hapo ameishi na dada yako miaka mingapi?"

Baluku akapitisha kidole gumba juu ya ule mchoro.

"Kama ni jambo jema," akasema, "kwa nini hakukwambia?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikajibu kabla sijafikiri. "Alijua ningekataa. Angeniambia ni jina langu, nisingelichonga mpaka leo."

Biira akafunika uso kwa kitenge. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akilia.

Baluku alitembea mpaka kwenye lori, akalitazama jiwe mbele, akalitazama ubavuni. Kisha akasema, "Litaingia. Lakini ubavu huo usitazame kaburi. Aliyekufa atazame mlima. Aliye hai atazame barabara."

Nikasema, "Hata mimi ningeliweka hivyo." Na ilikuwa kweli.

Baluku mwenyewe alivua koti akaweka bega. Swaibu, mimi, na wanaume wanne wa ukoo. Padri akatusaidia kuelekeza. Tulilisimamisha saa sita na kitu. Uso kwenye milima, ubavu kwenye njia. Baadaye tukala mbuzi, na Baluku alinipa mfupa wa bega kwa mkono wake, akaniambia mbele ya watu, "Fundi, na mimi nikifa uje. Lakini usije kabla." Wakacheka, hata Biira.

Kurudi

Jumapili walinizuia, Jumatatu Swaibu alisubiri mzigo. Kinyamaseke tukamkuta Kule amekaa kwa mama wa chai. Akaniangalia kifua kuona kama napumua.

"Panda," nikamwambia.

"Mzee, umeifuta?"

"Sikuifuta. Panda nikueleze." Akapanda, lakini akakaa karibu na mlango. Mama wa chai alinipa kikombe mkononi.

Jumanne nilifika nyumbani. Sikupumzika. Nilichagua jiwe moja la mto, si kubwa, watu wawili wanalibeba. Nikachonga jina la baba yangu kwa herufi zetu. Ubavuni nikachonga MASEREKA, na chini yake nikachonga kile kisu, na ile sauti yake ya kushoto, polepole, nikiangalia boksi la Maman Kavira. Nimekosea mara moja kwenye ndoano. Nimeirekebisha.

Sasa mmesikia nilikuwa wapi.

Leo nina hivi: kiwanja kimoja Nyamwamba. Nyumba ya matofali, vyumba vinne, niliyoijenga mimi. Mbuzi watatu. Tindo kumi na moja, nyundo mbili. Kijiti kimoja cha chumvi. Boksi moja limeandikwa nyuma. Jiwe moja Bwera lenye jina langu, linatazama barabara. Na jiwe moja uani, la Katwe, linangoja gari.